Mdomo Ukifunguka, Jaza

Mmeniomba niwaandikie siri za kazi ya kutafsiri filamu, nyinyi vijana wa kikundi cha mjukuu wangu Wairimu, mnaopiga filamu kwa simu pale Nyeri na kuzitilia sauti chumbani mkiwa mmejifunika blanketi. Siri ya kwanza ni tangawizi. Chemsha, tia kwenye thamosi, kunywa vuguvugu. Soda msiguse. Mimi niliwahi kunywa soda Kiriaini, nikapiga mbweu kwenye maiki padri wa filamu akiwa katikati ya kuzika mtu, na kuanzia hapo kila padri akitokea kwenye runinga watu walimwuliza amekula nini.

Siri ya pili ni kusimama. Ukikaa, sauti inakaa nayo.

Ya tatu itachukua muda kidogo, na sina uhakika kama ni siri au ni kosa. Mtaniambia.

Kwa wale waliozaliwa na simu mkononi, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Palikuwa na banda la mabati, benchi, runinga moja na deki ya kaseti. Filamu ilikuwa ya Kichina, au ya Kihindi, au ya Kiingereza cha Wamarekani ambacho hakuna aliyekishika. Kando ya runinga alisimama mtu mmoja mwenye maiki. Mkono wa kushoto ulipunguza sauti ya filamu, wa kulia ulishika maiki, na mtu huyo ndiye aliyekuwa shujaa, na jambazi, na mama mkwe, na mbwa. Nilifanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini, Nyeri, Othaya, Kiriaini, mpaka Karatina. Waliniita Mama Sauti. Jina langu ni Nyambura, lakini hata benki waliniita Mama Sauti.

Aliyenifundisha ni Mzee Idi wa Majengo, mwenye banda. Baba yake alikuwa Mnubi, mama yake Mkikuyu, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha sisi wote wa mlimani. Nilianza kwake nikifagia na kupanga benchi. Kila filamu aliitazama mara mbili kabla ya kuionyesha, na mara zote mbili sauti ilikuwa imezimwa kabisa.

"Usisikilize," aliniambia. "Utachanganyikiwa bure. Tazama uso, tazama mikono. Mdomo ukifunguka, jaza."

Basi tulijaza. Tulikuwa hodari mno wa kujaza. Sasa niulizeni: mtu akijaza mdomo wa mwenzake bila kumsikia, anaujaza na nini? Anaujaza na kile alichotoka nacho nyumbani. Mimi hilo lilinichukua karibu maisha yangu yote kuliona, kwa hiyo msijilaumu kama hamjaliona leo.

Chukueni mtu mweusi. Katika filamu za wazungu za siku zile hakuwa na maisha marefu. Alitokea na tabasamu lake, akafanya mzaha mmoja, akapigwa risasi akimkinga mzungu. Banda zima lilijua. Akionekana tu, mtu wa benchi la nyuma alipaza sauti, "Huyo hafiki chai!" Na kweli, hakufika. Mzee Idi akachoka na mazishi hayo. Siku moja mweusi wetu alipopigwa risasi, kama saba hivi, Mzee akasema kwenye maiki, kwa utulivu kabisa, "Amezirai tu. Mama yake yuko njiani kutoka Karatina na dawa." Watu wakapiga makofi. Shida ni kwamba filamu ilikuwa imebaki saa nzima, na kila baada ya dakika chache mtu aliuliza mama amefika wapi. Ikabidi Mzee amgeuze askari mmoja wa kizungu kuwa shemeji ya yule mama, na kila askari huyo aliposhika simu, Mzee alisema anauliza kama gari limepata pancha. Nilicheka siku ile mpaka nikalia.

Lakini Mzee huyohuyo, jambazi mwenye ndevu na kilemba alipotokea, alimpa sauti ya wazee wa Majengo, majirani zake aliosimama nao safu moja wakiswali. "Wallahi leo nawalipua wote!" Kisha kicheko kirefu. Banda lilifurahi. Baadaye watoto wa mjini wakaanza kumfuata Mzee barabarani na kicheko kile, na yeye amebeba mswala anaenda msikitini. Nilimwuliza kwa nini anafanya vile.

"Wateja ndiyo wanayotaka," akasema. Hakunitazama.

Wanawake nao aliwapa maneno matatu tu: "Nisaidie!", "Unaenda wapi?" na "Nakupenda." Hata mwanamke akiongea dakika nzima na kidole hewani, Mzee alimwekea "Unaenda wapi?" na ukimya. Sauti yenyewe aliibana puani ikatoka nyembamba kama ya paka. Mimi nikiwa nimeshika ufagio niliona midomo ile inavyofunguka na kufungika bila kitu ndani, nikaudhika. Niliudhika hasa. Nilikuwa na watoto wawili, baba yao alishatuacha, na nyumbani kwangu mwenye kusema maneno yote ya filamu nilikuwa mimi.

Kwa hiyo Mzee alipokaukiwa sauti wiki moja, akanipa maiki na kunituma Othaya, nilikuwa tayari. Filamu ilikuwa na wakili mwanamke. Nikampa sauti ya mwenyekiti wa chama cha akina mama akimkemea mtu aliyekosa mkutano mara tatu. Akina mama wachache waliokuwamo walisimama kwa furaha. Wanaume wakapiga mabati.

"Rudisha mzee!"

"Ati huyu ataongea mpaka kesho!"

Mwenye banda la Othaya akaniita kando. Akaniambia Ijumaa inayofuata wakilalamika tena, nisirudi, na atamwambia Mzee Idi vilevile. Nilijua maana yake. Ningerudi kwenye ufagio, na wale wanawake wa filamu wangerudi kwenye maneno matatu.

Katika banda lile, benchi la mbele kabisa, kila jioni alikaa Kariuki, fundi wa nguo wa pale sokoni. Tulikuwa rika moja. Ndiye aliyegundua kwamba nikitamka maneno fulani spika zinapasua watu masikio, akanishonea kofia ndogo ya maiki, ya flana nyekundu iliyobaki kwenye shati la mtu, na lastiki kwa chini. Baada ya filamu alinisaidia kupanga benchi na kunieleza mambo ambayo sikuyaona. "Yule mama usimfanye maskini," angesema. "Angalia pindo ya nguo yake. Hiyo imeshonwa na mtu amelipwa vizuri." Macho yake yalikuwa bora kuliko yangu.

Kariuki alitembea kwa wepesi. Mikono yake iliongea kabla ya mdomo, na sauti yake ilikuwa nyororo. Hakuwa ameoa, aliishi na mama yake. Mteja akijaribu nguo, Kariuki alishika kichwa na kusema, "Wuui, pole pole, utaikunja!" Soko zima liliujua msemo huo. Kama alikuwa vile watu walivyokuja kusema, sijui. Hajawahi kuniambia na sikumwuliza, na mpaka leo sioni inamhusu nani.

Ijumaa ikafika. Filamu ilikuwa ya polisi wa Amerika. Nilikuwa nimeitazama mara mbili, sauti imezimwa, kama nilivyofundishwa. Mapema kabisa mwanamume mmoja anaingia kituoni, shati limembana, mikono inapepea. Polisi wanakonyezana na kucheka. Kamera inaanzia makalio yake, ndipo ipande usoni. Hilo nililiona hata siku ile: wanaume wengine wote kamera iliwaanzia usoni, yeye na wanawake iliwaanzia nyuma. Filamu yenyewe ilikuwa imeshatuambia nani achekwe. Mimi nilichofanya ni kuongeza mafuta kwenye moto.

Wanaume walikuwa wameanza kunong'ona, "Rudisha mzee." Yule mtu akafungua mdomo. Nikaujaza.

"Wuui, pole pole, utaikunja!"

Ilikuwa sauti ya Kariuki hasa. Banda lililipuka. Watu walianguka kutoka kwenye benchi, wakashikana mabega, wakalia machozi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: nikaendelea. Kila mdomo wa yule mtu ulipofunguka nilimpa Kariuki, na mikono yake, na mama yake, na futi yake ya kupimia shingoni. Nilipotupa jicho benchi la mbele, Kariuki alikuwa ameonyesha meno. Nikajiambia anacheka. Baada ya filamu alipanga benchi kama kawaida, akaniambia, "Kesho basi," akaenda.

Hakuna aliyesema "rudisha mzee" tena. Sio siku ile, wala baada yake. Niliwapa mtu mwingine wa kumcheka, wakaacha kunicheka mimi. Wanawake wa filamu nikawapa maneno yao yote, wanaume wakakaa wakasikiliza, na mpaka leo kuna akina mama wananisimamisha njiani kunishukuru kwa hilo. Ni kweli nililifanya. Mjue pia nililifanya juu ya mgongo wa nani.

Sokoni Othaya watu wakaanza. "Utaikunja!" kutoka kwa wauza ndizi. "Utaikunja!" kutoka juu ya lori. Mwanzoni alijibu kwa mzaha. Halafu wanaume wakaacha kupimwa suruali naye. Wakatuma wake zao na suruali kuukuu, wakisema, "Apime hii." Halafu yakaja majina ambayo siyaandiki hapa. Asubuhi moja akakuta cherehani yake imemwagiwa mchanga ndani ya mashine, mchanga mwembamba wa mto, kazi ya mtu aliyechukua muda wake. Wiki hiyo alimchukua mama yake wakahamia Kerugoya. Sikwenda kumuaga. Nilikuwa na filamu Kiriaini, au nilisema ninayo.

Mzee Idi alipata habari. Nilitegemea aniambie wateja ndiyo wanayotaka. Alikaa akafunga waya wa maiki taratibu kwenye kiganja, kama alivyofanya kila siku, kisha akasema, "Mimi nimejiuza mwenyewe, Nyambura. Wewe umemuuza mwenzako."

Nilimkasirikia hata, mnajua jinsi ukweli unavyomkasirisha mtu. Mzee alifariki kabla sijamwambia alikuwa sawa.

Basi kazi ikaenda, kaseti zikawa diski, diski zikawa simu, mabanda yakafungwa, nikastaafu nikafuga kuku. Mwaka huu Wairimu amenijia mbio na simu yake. Mtu fulani alikuwa amerekodi filamu na sauti yangu siku ile ya Othaya, akaihifadhi kaseti, sasa ameitoa kipande, na kinazunguka kwenye simu za watu.

"Shosho, umeshika mbaya!" akaniambia, yaani nimevuma. "Wasee wanakuitisha. Si tuifanye upya, na sauti poa?"

Nilitazama. Nikasikia sauti yangu ya ujana ikimfanya Kariuki. Chini yake watu walikuwa wameandika vicheko, na mmoja akaandika, "Huyu si ni kama yule fundi mzee wa hapa Kerugoya? Kesho tukamsalimie." Mtu aliyehama mji kwa sababu yangu, nilikuwa nimemfuata mpaka alikohamia, na mimi nimekaa nyumbani nikilisha kuku.

Nilikwenda Kerugoya kesho yake. Duka lake ni safi, lina cherehani tatu na wasichana wawili anaowafundisha. Nywele zake ni nyeupe. Alinitambua nikiwa mlangoni.

"Karibu," akasema, kama kwa mteja. "Unataka kushonewa?"

"Kariuki, nimekuja kusema pole."

Aliwaambia wasichana waende wakanywe chai. Akakaa. "Leo asubuhi watoto wa shule wamesimama hapo nje," akasema. "Utaikunja, utaikunja. Nikafikiria ni ndoto. Mimi nimezeeka, Nyambura. Nilikuwa nimesahau hiyo kelele, hata."

"Pole. Pole sana."

"Sasa unaniambia mimi, kwa sikio? Ile ingine ulisema na maiki."

Akachukua shati, akaanza kufumua mshono, na bila kuinua macho akaniuliza, "Yule mtu alikuwa anasema nini?"

"Yupi?"

"Yule wa polisi. Mimi nilikuwa naangalia mdomo yake. Ilikuwa inaenda sana, na macho yake haikuwa inacheka. Miaka hii yote nimejiuliza. Alikuwa anasema nini?"

"Sijui," nikasema. "Tulikuwa tunazima sauti."

"Haujui?"

"Sijui, Kariuki."

Akaweka shati chini. "Basi enda ujue. Ukishajua, useme na maiki, pale pale Othaya. Na usimfanye mtu mzuri, ati malaika. Mwachilie tu amalize kuongea."

Wairimu aliitafuta filamu nzima akaipata. Tukakaa chumbani kwake adhuhuri, tukafungua sauti. Kiingereza kinamtoka yeye, mimi nilishika kalamu. Na sasa nitawaambia kitu cha kuchekesha kabla ya kile kisichochekesha. Miaka yote, watu wa Othaya walijua kwamba katika filamu ile polisi wanatafuta ng'ombe wa chifu. Niliwapa ng'ombe kumi na wawili, na majina yao. Hakukuwa na ng'ombe. Kulikuwa na maiti, na maiti ile ilikuwa rafiki ya yule mtu wa shati la kubana. Ndiyo maana ameingia kituoni. Filamu nzima inaanzia kwake. Wairimu alinitafsiria maneno yake moja moja, akarudisha nyuma, akatafsiri tena. Tulipomaliza alikuwa ameacha kunitania.

"Shosho, si tukate tu hii sehemu?" akauliza. "Tuanzie mahali polisi wako kwa gari."

Hapana. Na hii ndiyo siri ya tatu, iandikeni. Msikate. Filamu imeshamcheka mtu. Ukimkata unamtoa mlangoni kabla hajasema alichojia. Fungua sauti. Sikiliza kwanza, hata kama ni Kichina, tafuta anayekijua. Hao walioitengeneza walikuwa na dharau zao, na wewe una zako, na zikikutana hapo kwenye maiki bila mtu wa kuziuliza zinakwenda wapi, zitatoka nje ya banda na kumfuata mtu nyumbani kwake.

Tuliionyesha Othaya Jumamosi alasiri, ukumbini. Nilikataa kurekodi. Nilisimama kando ya kitambaa cha filamu kama zamani, na maiki, na thamosi. Ile kofia ya flana bado ninayo. Imepauka na lastiki imelegea, nikaifunga na uzi. Wazee wa siku zile walikuja, wengine na fimbo, na vijana wengi walioona kile kipande kwenye simu. Wote walikuja kwa ajili ya mstari mmoja.

Kariuki alikuwa ameniambia, "Othaya mimi sirudi. Niweke kwa simu." Kwa hiyo simu yangu ilikuwa juu ya spika, imefunguliwa, naye yuko dukani Kerugoya anasikiliza.

Yule mtu akaingia kituoni. Kamera ikaanzia pale inapoanzia. Kabla hata hajafungua mdomo, ukumbi mzima ukamfungulia. "Utaikunja!" Wazee kwa vijana, kwa sauti moja. Nikajua Kariuki amesikia.

Mdomo ukafunguka. Nikasema, kwa sauti yangu mwenyewe, bila kuibana popote:

"Rafiki yangu ameuawa. Nimekaa naye sakafuni tangu asubuhi. Nimepiga simu mara tatu, hakuna aliyekuja. Naomba mtu mmoja tu anisaidie kumwinua."

Nikaacha kimya, kwa sababu na yeye alinyamaza. Kisha polisi wa ndani ya filamu wakacheka, wakakonyezana, wakapigana mabega. Ukumbini walicheka wao peke yao.

Nikainama kwenye simu.

"Nani anacheka?" Kariuki akauliza.

"Ni polisi. Wa ndani ya filamu."

"Na watu?"

"Watu wamenyamaza."

Nilisikia duka lake nyuma, cherehani ya mmoja wa wasichana ikikimbia na kusimama.

"Haya," akasema. "Ngoja kidogo, niko na mzee hapa nampima suruali."

Hakukata simu. Aliiweka mezani ikiwa wazi, na mimi nikanywa tangawizi, nikarudi kwenye maiki, tukaendelea na filamu mpaka mwisho.